Maswali ya Wasomaji: Potosí, mlima wa fedha uliohitaji maji na zebaki

Makala fupi tuliyochapisha kuhusu Potosí, mji wa migodi kusini mwa Bolivia, imetuletea barua za kutosha kujaza gazeti zima. Tumechukua zile zilizouliza jambo mahususi. Zilizofanana tumeziunganisha, na majina tumeyaacha.

Ndugu Mhariri, ramani inaonyesha mahali pakavu, pa baridi, mbali na bahari. Mlisema mji huo uliwahi kuwa miongoni mwa mikubwa duniani. Watu wote hao walikula nini?

Walikula vilivyotoka kwingine. Potosí uko kwenye mwinuko wa kama mita 4,090, chini ya Cerro Rico, mlima wenye umbo la pia iliyopinduliwa ambao kilele chake kinakaribia mita 4,800. Kwenye mwinuko huo mahindi hayakomai na ngano haisitawi. Hustahimili viazi vichungu vya milimani, kinoa (mmea wa punje za kuliwa) kwenye mabonde yenye kinga, na nyasi ngumu za ichu za kulisha lama, mnyama wa mizigo wa milima ya Andes.

Hata hivyo, baada ya mshipa wa kwanza wa fedha kutambuliwa mwaka 1545 (sifa hupewa mwenyeji mmoja, Diego Huallpa), watu walimiminika. Sensa ya 1611 inayonukuliwa mara nyingi inataja watu 160,000. Hata ukiipunguzia chumvi, bado ni mji mkubwa kuliko karibu yote ya Ulaya ya wakati huo.

Kwa hiyo eneo zima likageuka ghala la mji mmoja. Nafaka ilipanda kutoka mabonde ya Cochabamba na Chuquisaca, divai kutoka Moquegua na bonde la Cinti, majani ya koka kutoka mabonde yenye joto ya upande wa Cusco na La Paz. Mabaghala, yaani nyumbu wanaozaliwa kwa punda na farasi, walikuzwa nyanda za chini za Argentina ya leo na kuuzwa Salta, mji ulioanzishwa 1582. Tarija ulikuwa umeanzishwa miaka minane kabla yake. Ukitaka kuelewa kwa nini miji hiyo iko ilipo, pima umbali wake hadi Potosí.

Chakula kilichofaa zaidi kilikuwa chuño, kiazi kilichokaushwa kwa baridi. Hutengenezwa Juni na Julai, usiku wa jalidi na mchana wa jua kali. Viazi vidogo vichungu hutandazwa juu ya nyasi usiku kadhaa mfululizo vigande. Asubuhi vikianza kuyeyuka hukanyagwa kwa miguu mitupu ili maji yatoke na ganda libanduke, kisha huanikwa hadi viwe vikavu na vyepesi. Aina nyeupe, tunta, hulowekwa kwanza wiki kadhaa kwenye maji yanayotiririka, na uchungu huisha humo. Vikikaushwa sawasawa hukaa miaka. Vikianikwa bila kukanyagwa vizuri, unyevu hubaki katikati na huota ukungu.

Mimi ni mchenjuaji mdogo wa dhahabu na zebaki naijua. Lakini fedha haikai ndani ya jiwe kama chembe tupu. Hao wa Potosí waliikamataje kwa zebaki?

Swali zuri, ndugu yangu, na ndilo lililowasumbua wenyewe kwa robo karne.

Miaka 25 ya mwanzo hawakutumia zebaki kabisa. Sehemu ya juu ya Cerro Rico ilikuwa na mawe tajiri mno, yaliyokwisha kuliwa na hewa na maji kwa muda mrefu. Wenyeji waliyeyusha mawe hayo kwenye huayra, tanuru dogo la udongo lenye matundu pande zote, lililowekwa mteremkoni ili upepo wa jioni uwe mvukuto wake. Mawe ya fedha yalichanganywa na mawe ya risasi. Risasi iliyoyeyuka ilikusanya fedha, kisha ikachomwa tena kwenye tanuru la ndani ya nyumba hadi risasi ikageuka oksidi na fedha ikabaki. Kuni zilikuwa ichu, samadi ya lama na yareta, mmea mgumu wenye utomvu unaoota polepole sana. Wahispania walijaribu mivukuto yao ya ngozi wakashindwa, hivyo uyeyushaji ulibaki mikononi mwa wenyeji.

Mawe tajiri yalipoanza kwisha katika miaka ya 1560, huayra hazikulipa tena. Njia ya zebaki ilikuwa tayari inatumika Mexico, ambako Bartolomé de Medina aliianzisha Pachuca mwaka 1554. Potosí iliingia mwanzoni mwa miaka ya 1570, wakati Francisco de Toledo, Gavana Mkuu wa koloni la Kihispania la Peru lililojumuisha Potosí, alipokuwa akipanga upya koloni zima.

Sasa hatua zenyewe. Jiwe lilipondwa kwa nyundo nzito zilizoinuliwa na gurudumu la maji hadi likawa unga, na unga ukachujwa. Hapa ndipo uchenjuaji mwingi ulipoharibikia. Unga ukiwa wa punje kubwa, fedha iliyo ndani ya punje haiguswi. Ukiwa laini kupita kiasi, zebaki huvunjika vipande vidogo mno na kuondoka na maji.

Unga uliingizwa kwenye sanduku la mawe liitwalo cajón, kipimo cha kintali 50, yaani kama kilo 2,300. Humo ulitiwa maji hadi ukawa tope zito, kisha chumvi kwa wingi, na chumvi hii ndiyo jibu la swali lako. Pamoja na salfeti ya shaba, iliyokuwamo ndani ya mawe au iliyoongezwa, chumvi huzaa kloraidi ya shaba. Hiyo huvunja muungano wa fedha na salfa na kuacha kloraidi ya fedha. Zebaki ikifika inaipokonya kloraidi hiyo klorini yake, fedha inakuwa huru, na zebaki iliyobaki inaikumbatia. Zebaki yenyewe ilinyunyizwa kwa kukamuliwa kupitia kitambaa kizito, ikianguka matone madogo, huku wafanyakazi wakikanyaga tope kwa miguu mitupu. Mwanzoni masanduku yalipashwa moto kwa chini, na kazi ikachukua siku chache. Kuni zilipokuwa ghali waliacha jua lifanye kazi, ikawa wiki mbili tatu, na zaidi ya hapo wakati wa baridi.

Fundi alijua hali ya sanduku kwa kuosha konzi ya tope kwenye bakuli na kuitazama zebaki. Ikiwa bado inang'aa na kukimbia kama ilivyoingia, mchanganyiko ni "baridi", haujaanza kazi, huongezwa salfeti ya shaba. Ikiwa imegeuka kijivu kilichofifia na kukatika vipande, mchanganyiko umekuwa "moto", zebaki inaliwa bure, na dawa yake ni chokaa. Fundi asiyejua tofauti hiyo alimfilisi mwenye kinu kwa msimu mmoja.

Tope lililoiva liliingizwa kwenye mapipa yenye maji na makasia ya kukoroga. Mchanga ulitoka na maji, mchanganyiko mzito wa zebaki na fedha ukazama. Ulitiwa ndani ya kitambaa na kukamuliwa kama tui, zebaki ya ziada ikatoka, na bonge lililobaki likagandamizwa kwenye kifuko chenye umbo la pembe, likaitwa piña. Piña iliwekwa chini ya kofia ya udongo au chuma na kupashwa moto. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi. Mvuke wake ulipanda, ukapoa, ukarudi kuwa kioevu. Kofia iliyopasuka ilimaanisha hasara kwa tajiri na sumu kwa mwangalizi wa moto. Wewe ulizoea kuchoma dhahabu hadharani bila kofia? Mvuke ni ule ule, na ulitetemesha mikono ya watu wa Potosí miaka 450 iliyopita.

Jambo moja ambalo kwenye dhahabu hulioni: hapa zebaki haipotei kwa moshi tu. Inapopokonya klorini, yenyewe inageuka kloraidi ya zebaki na kwenda na marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyokwisha kuchenjuliwa. Kwa hesabu ya kemia, kila kilo 1 ya fedha iliyopatikana kwa njia hiyo inakula kama kilo 1.86 za zebaki. Katika miaka ya 1580 waligundua kwamba vumbi la chuma kwenye tope linapunguza hasara, kwa sababu chuma hufanya kazi ya kupokonya badala ya zebaki.

Zebaki hiyo ilitoka Huancavelica, katika milima ya Peru. Ilipakiwa ndani ya mifuko ya ngozi, ikateremka kwa lama hadi pwani ya Chincha, ikasafiri kwa meli hadi Arica, kisha ikapanda tena kwa wanyama hadi Potosí, safari ya miezi. Mfalme wa Hispania ndiye aliyekuwa na haki pekee ya kuiuza. Kwa kuwa kiasi cha zebaki hutabiri kiasi cha fedha, maofisa walilinganisha zebaki aliyonunua mwenye kinu na fedha aliyoleta kulipiwa ushuru wa moja ya tano. Pengo likiwa kubwa, walijua kuna fedha iliyotoroshwa, mara nyingi kwa njia ya Buenos Aires.

Vinu vya maji mahali pakavu hivyo? Maji yalitoka wapi?

Mvua ya Potosí hunyesha zaidi kati ya Novemba na Machi. Vinu vilivyotegemea kijito vilisimama miezi mingi. Kwa hiyo, kuanzia miaka ya 1570, walijenga mabwawa kwenye safu ya Kari-Kari, kusini-mashariki mwa mji na juu yake, na kuyaunganisha kwa mifereji. Kazi hiyo iliendelea hadi miaka ya 1620. Kwa hesabu ya UNESCO mfumo ulikuwa na mabwawa 22 na ulisukuma vinu 140, vingi vikiwa vimejipanga kando ya mfereji mmoja uliokata mji katikati, Ribera. Maji yaliyotoka gurudumu la kwanza yaliingia la pili, na kuendelea hivyo hivyo.

Mpangilio huo ulikuwa werevu na ulikuwa hatari kwa sababu ile ile. Kuta za mabwawa zilikuwa udongo ulioshindiliwa kati ya kuta mbili za mawe. Udongo wa namna hiyo haupendi maji yapite juu yake wala yapenye chini yake. Njia ndogo ikishafunguka, maji huipanua kwa saa chache. Tarehe 15 Machi 1626, mwishoni mwa msimu wa mvua mabwawa yakiwa yamejaa, bwawa la San Ildefonso lilibomoka. Maji yalifuata Ribera, yaani yalipita sawasawa kwenye mstari wa vinu, na kusomba nyumba, watu, zebaki na unga uliokuwa masandukuni. Idadi ya waliokufa haikuwahi kuafikiwa. Kwa upande wa uchumi, vingi vya vinu vilivyoharibiwa vilijengwa upya, ila fedha haikurudi tena kwenye kilele cha miaka ya 1590.

Baadhi ya mabwawa hayo bado yanaupa mji maji ya matumizi. Ukipanda Kari-Kari utayaona.

Nimesoma kwamba watu milioni 8 walikufa ndani ya mlima huo. Mbona makala yenu haikutaja?

Hatukuitaja kwa sababu hakuna sensa wala daftari la mazishi linaloweza kuibeba. Idadi hiyo imerudiwa sana vitabuni. Ukitaka kujua uzito wa maovu ya Potosí, anza na mita, kazi ya lazima aliyoipanga Toledo mwaka 1573, ambayo tarakimu zake zimeandikwa.

Mikoa 16 ya nyanda za juu, kutoka upande wa Cusco hadi kusini mwa Bolivia ya leo, ilitakiwa kupeleka kila mwaka kama mwanaume mmoja kati ya saba. Jumla ilikuwa karibu 13,500. Waligawanywa makundi matatu, kila kundi likifanya kazi wiki moja na kupumzika mbili, kwa hiyo 4,500 hivi walikuwa kazini wakati wowote. Malipo ya siku yalikuwa reali (sarafu ya fedha ya Kihispania) 3 na nusu mgodini, 3 kwa wabebaji na 2 na robo tatu kinuni. Waliotoka karibu na Cusco walitembea kama kilomita 1,000 na familia zao na lama wa kubeba chakula. Mara nyingi mshahara haukutosha hata chakula cha mji huo ghali, ndiyo maana wiki mbili za "mapumziko" wengi walizitumia kama vibarua.

Vibarua hao waliitwa minga na walilipwa vizuri zaidi. Taarifa ya 1603 inataja minga kama 10,500 dhidi ya watu 5,100 wa mita. Hapo pana jambo ambalo hadithi ya milioni 8 inalificha: mita haikuwa nguvu kazi yote ya Potosí, ilikuwa ruzuku. Baadaye wenye migodi waligundua kwamba pesa taslimu ina faida kuliko mtu. Mkuu wa kijiji aliyeshindwa kuleta watu alilipa fidia, na mwenye mgodi aliyeona mgodi wake umekwisha aliitia fidia mfukoni bila kuchimba chochote. Watu wa mikoa 16 nao walikimbia vijiji vyao, kwa kuwa mgeni wa kijiji kingine hakuhesabiwa. Vijiji vikabaki na watu wachache na mgawo ule ule.

Vifo vilikuwapo, tena vingi: kuanguka kwenye ngazi za ngozi na magogo, miamba kuporomoka, vumbi mapafuni, mafua makali kwa mtu anayetoka shimo la joto akiwa amelowa jasho na kukutana na upepo wa usiku. Mbali na hayo kulikuwa na surua na ndui, yaliyoua nchi nzima ya Andes hata pale pasipokuwa na mgodi. Mita ilifutwa kisheria na bunge la Hispania lililokaa Cádiz mwaka 1812, na kukomeshwa kabisa na Simón Bolívar, kiongozi wa ukombozi, mwaka 1825.

Je, ni kweli Waafrika hawakutumika migodini kwa sababu miili yao haikuweza mwinuko?

Hoja hiyo imo kwenye maandishi ya wakoloni, lakini usiichukue kama sayansi. Yeyote anayetoka usawa wa bahari huumizwa na mwinuko wa mita 4,000, Mhispania au Mwangola. Sababu yenye mashiko ni bei. Mtumwa aliyefikishwa Potosí, kupitia Cartagena, Panama na Lima au kwa njia ndefu ya Buenos Aires na Tucumán, aligharimu mtaji mkubwa. Mtu wa mita aliletwa na serikali, na akifa mwenye mgodi hakupoteza mtaji.

Waafrika walikuwapo mjini. Sensa ile ya 1611 inahesabu kama 6,000 pamoja na machotara. Walikuwa wahunzi, wapishi, wachuuzi, wafanyakazi wa nyumbani, na hasa mafundi wa kuyeyusha na kugonga sarafu kwenye kiwanda cha serikali. Wengine walipelekwa Yungas, mabonde yenye joto kaskazini mwa La Paz, kwenye mashamba ya koka. Utumwa ulikoma rasmi mwaka 1851. Sensa ya 2012 ilihesabu zaidi ya Wabolivia 23,000 wenye asili ya Afrika, na katiba ya 2009 inawataja kwa jina.

Nimeuziwa sarafu inayosemekana ni ya Potosí, ya reali 8. Nitajuaje kama ni halisi? Na ni kweli alama ya dola ilitokea huko?

Anza na umbo. Hadi mwaka 1773 Potosí iligonga sarafu za mkono. Fundi alikata kipande cha fedha, akakipunguza kwa mkasi hadi kifikie uzito, akakigonga kwa nyundo. Sarafu hizo hazina duara kamili na picha yake mara nyingi haikukaa katikati. Za mashine zilianza 1767. Zina duara, ukingo wenye nakshi, na alama ya herufi P, T, S na I zilizopandishwa moja juu ya nyingine. Sarafu ya mkono yenye duara safi na picha kamili pande zote mbili ni nadra sana, kwa hiyo ukiiona kwa bei rahisi ogopa.

Uzito wa kisheria ulikuwa gramu 27.47, kisha 27.07 kuanzia 1728. Usafi ulishuka kutoka 930 hivi kwa elfu hadi 917, kisha 903 miaka ya 1770. Uzito unaigizwa kwa urahisi, kwa hiyo pima msongamano. Pima sarafu ikiwa kavu. Weka glasi ya maji juu ya mizani midogo ya kusoma hadi sehemu ya kumi ya gramu au chini yake, rudisha mizani kwenye sifuri, kisha ining'inize sarafu kwa uzi mwembamba izame yote bila kugusa chini wala ubavu wa glasi. Tarakimu itakayotokea ni uzito wa maji yaliyosogezwa. Gawanya uzito mkavu kwa tarakimu hiyo. Sarafu ya gramu 27 inapaswa kutoa kama 2.6, na jibu liwe 10.3 hivi. Ikitoa 3.2, msongamano ni 8.4 tu, hiyo ni shaba nyeupe au njano iliyopakwa. Viputo vya hewa kwenye mikunjo huharibu kipimo, kwa hiyo itikise kidogo. Sarafu iliyotolewa baharini imeliwa na chumvi na haifai kwa kipimo hiki. Usiisugue kwa asidi ili ing'ae, utaondoa thamani yake.

Mwaka wa sarafu pia huongea. Mwishoni mwa miaka ya 1640 iligundulika kwamba kiwanda kilikuwa kikitia shaba kupita kiasi, na wafanyabiashara wa Ulaya wakazikataa sarafu za Peru. Mkaguzi Francisco de Nestares Marín alitumwa, tajiri aliyehusika na wizi huo, Francisco Gómez de la Rocha, akanyongwa mwaka 1650, na kuanzia 1652 picha ikabadilishwa, ikawa nguzo mbili juu ya mawimbi ili watu waamini tena. Sarafu ya kabla ya hapo ikipima chini ya 10 inaweza kuwa halisi kabisa, ila ya wizi.

Kuhusu alama ya dola, herufi P, T, S, I zikipandishwa hufanana nayo, na Potosí wanaipenda hadithi hiyo. Maandishi ya wafanyabiashara yanaonyesha njia nyingine iliyo wazi zaidi: kifupi "ps" cha peso, jina la sarafu ya reali 8, ambacho mkono wa haraka uliunganisha. Kwa njia, Bolivia leo huagiza sarafu zake nje ya nchi. Kiwanda kikubwa kilichojengwa 1759 hadi 1773 ni makumbusho, na mitambo yake ya mbao iliyozungushwa na mabaghala wa ghorofa ya chini bado imesimama.

Mji mkuu wa Bolivia ni La Paz au Sucre?

Sucre kwa katiba, na mahakama kuu iko huko. Serikali na bunge viko La Paz tangu vita vya ndani vya 1899. Sucre ndio mji ambako matajiri wa Potosí walijenga nyumba zao za starehe, mita 2,800 tu juu ya bahari.

Mlima bado unachimbwa?

Ndiyo, kila siku ya kazi. Baada ya fedha lilikuja bati, mwishoni mwa karne ya 19. Migodi mikubwa ilitaifishwa 1952, bei ya bati ikaanguka vibaya Oktoba 1985, na maelfu waliopoteza ajira wakaingia kwenye vyama vya ushirika. Leo hutoa zaidi zinki, fedha na risasi, kwa vikundi vidogo vinavyofuata mshipa popote uendako. Hapo ndipo tatizo lilipo. Hakuna ramani moja ya mashimo ya miaka karibu 500, na hakuna anayewajibika kuacha nguzo za mwamba. Mwaka 2011 shimo lilifunguka karibu na kilele. Uchimbaji juu ya mita 4,400 umekatazwa, lakini katazo hilo halifuatwi ipasavyo, na mwaka 2014 UNESCO iliuweka mji kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Kujaza mashimo ya juu kwa mawe mepesi, kama ilivyojaribiwa, kunatibu kilele tu huku chini kukiendelea kuliwa. Marudio nayo hushuka hadi mto Pilcomayo, ambao unafika Argentina na Paragwai.

Mwaka ujao nitapita Bolivia. Nataka kuona Potosí na kuingia mgodini. Nijiandae vipi?

Usiende moja kwa moja. Lala Sucre usiku mbili au tatu, kisha panda basi la kama kilomita 160, saa tatu hivi. Kanuni ya kawaida ni kutoongeza zaidi ya mita 500 kwa usiku ukishapita mita 3,000. Hapa utaruka 1,300, kwa hiyo siku ya kwanza usifanye chochote zaidi ya kutembea polepole. Hewa ina oksijeni kwa asilimia ile ile 21, ila mgandamizo wake ni kama asilimia 60 ya ule wa pwani. Muulize daktari wako kuhusu asetazolamidi, kwa kawaida miligramu 125 mara mbili kwa siku kuanzia siku moja kabla ya kupanda, na umwambie kama una mzio wa dawa za salfa. Kichwa kuuma na usingizi wa kukatika ni kawaida. Kukosa pumzi ukiwa umekaa, kikohozi chenye povu, kuyumba kama mlevi au kuchanganyikiwa si kawaida: teremka Sucre siku hiyo hiyo, hata usiku.

Mgodini kuna vumbi la silika, ambalo kitambaa hakizuii. Beba barakoa ya N95 au zaidi. Njia ni chini ya kimo cha mtu, na kina kirefu joto hupita nyuzi 30 wakati nje ni baridi. Baada ya kulipua hubaki gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu, kwa hiyo nenda na kiongozi aliyewahi kuchimba na anayejua saa za kulipua. Mwenye pumu, ugonjwa wa moyo au ujauzito asiingie. Wachimbaji huzoea kupewa majani ya koka na vinywaji. Baruti inauzwa wazi sokoni, lakini iache.

Juni na Julai mbingu ni safi na usiku hushuka chini ya sifuri. Hoteli rahisi hazina joto, na kulala na jiko la mkaa ndani ya chumba kumeua watu. Desemba hadi Machi ni mvua. Muda wowote wa mwaka acha siku moja au mbili za akiba, kwa sababu barabara hufungwa na maandamano bila taarifa ndefu. Maji huchemka kwenye nyuzi 87 hivi, kwa hiyo yaache yachemke dakika 3 kamili kabla ya kuyanywa.